Barua ya Uso wa Kaka Haruna

Alhamisi, baada ya swala ya alasiri.

Mvua ya asubuhi imeacha madimbwi yanayong'aa kwa oili kila mahali hapa Buyenzi, mtaa wetu wa Bujumbura, na sasa joto limerudi kama vile halikuwa limekwenda popote. Nimekaa na kompyuta mapajani. Sijala tangu asubuhi, na wanaonijua wanajua mimi si mtu wa kukosa kula.

Leo nimemuumiza kaka yangu. Sikumtukana kwa mdomo. Nilimwandikia, tena kwa Kiingereza, nikachapisha vizuri, nikatia kwenye bahasha.

Nieleze. Kaka Haruna ni fundi wa kunyoosha bodi za magari, tolye kama tunavyowaita huku. Miaka miwili iliyopita, petroli ilipokuwa ya kutafuta kwa tochi, mteja mmoja aliacha bidoni yake, dumu la plastiki, imejaa petroli gerejini, nyuma ya gari. Kaka hakuiona. Akawasha mashine ya kuchomelea. Moto ulimpata upande wa kulia wa uso na shingo. Tangu hapo ngozi imejivuta, mdomo umepanda upande mmoja, na jicho la kulia halifungi. Analala na kitambaa chenye maji juu yake. Muuguzi alishatuambia kwamba jicho lisilofunga hukauka, na likizidi kukauka litaacha kuona. La kushoto nalo lilidhurika kidogo siku ile. Hesabu iliyobaki sitaki kuifanya.

Sasa wanakuja madaktari wageni wanaopasua watu walioungua. Hawachukui kila mtu. Wanataka barua ya Kiingereza inayoeleza hali ya mgonjwa, na mwisho wa kupokea ni kesho saa nne asubuhi. Katika familia yetu mwenye Kiingereza ni mimi. Nakifundisha sekondari, na niseme ukweli, nikisifiwa kwa hicho Kiingereza kichwa kinavimba.

Jumatatu somo letu lilikuwa maneno ya kueleza vitu vya ajabu, vibaya na vilivyopotoka. Nilichora uso ubaoni, nikawaambia wanafunzi wayapange maneno kama ngazi, kutoka laini hadi kali. Walianza chini na "odd" na "strange", wakapanda kwenye "ugly" na "misshapen", wakamalizia juu kabisa na "hideous", "monstrous", "grotesque". Kila neno walilijaribu kwenye ule uso wangu wa ubaoni. Darasa lilicheka mpaka mwalimu wa chumba cha pili akaja kuchungulia. Nilitoka pale nimefurahi sana.

Jumanne nikakaa kuandika barua, daftari la somo likiwa pembeni. Nikajiambia madaktari watakuwa na barua nyingi, kwa hiyo ya kaka lazima ipige kelele. Nikapanda moja kwa moja kwenye vidato vya juu. Nikaandika kwamba uso wake ni "grotesque". Kwamba ni "deformed", kwamba upande mmoja ni "hideous", kwamba watoto wa mtaani wakimwona wanadhani wameona kitu "monstrous". Hakuna mtoto aliyewahi kudhani hivyo. Wanamwita tonton, yaani mjomba, na kumwomba misumari ya kuchezea. Nililitunga kwa sababu sentensi ilikaa vizuri.

Sikuwa na wasiwasi. Kaka hajui Kiingereza. Jana nikamwachia bahasha atie saini.

Na hapo ndipo nilipojisahau, mimi mwalimu wa lugha. Kaka hajui Kiingereza, lakini alisoma kwa Kifaransa mpaka darasa la kumi. Yale maneno yangu ya juu ya ngazi, karibu yote Kiingereza kimeyachukua kwa Kifaransa. Yeyote aliyepita shule hapa Bujumbura angeyatambua bila kamusi. Nilidhani nimeyaficha, kumbe nimeyaanika.

Asubuhi nilipopita gerejini kuichukua, nilimkuta kaka amekaa juu ya tairi, karatasi iko magotini. Wifi Zuena, mkewe, alikuwa amemletea chai. Hakuitikia salamu yangu.

"Mwajuma," kaka akasema, "mi njo huyu?"

Nikajifanya sijaelewa kwamba anauliza kama wa baruani ndiye yeye.

"Hii naijua." Kidole chake chenye grisi kikatua juu ya neno. "Na hii. Na hii. Ulifikiri mi sikusoma? We unaniona hivi?"

Nikamwambia ndivyo barua za hospitali zinavyoandikwa. Uongo mtupu, na sauti yangu mwenyewe ilinisuta.

"Ungemuuliza kwanza yeye mwenyewe," wifi akasema bila kunitazama.

"Apana, basi," kaka akasema. "Sitaki tena operesheni. Sitaki batu bakuje kushangaa mi."

Akainuka, akarudi kwenye mlango wa teksi iliyogongwa. Mimi nikabaki nimesimama na mkoba wangu wa ualimu. Nilitaka kulia, nikaona haya kulia mbele ya mtu niliyemuumiza mwenyewe.

Ndipo nikaukumbuka ule uso wa ubaoni. Sikuwa nimeuiga popote, mkono ulikwenda wenyewe. Jicho moja kubwa kuliko jingine. Mdomo umepanda upande mmoja.

Upande wa kulia.

Nilimchora kaka yangu, darasa zima likacheka, nami nikacheka nao.

Miaka miwili namwambia, "Kaka, siku hizi unaonekana vizuri," huku natazama bega lake. Sikumbuki ni lini mara ya mwisho nilimtazama usoni. Maneno ya barua sikuyatafuta kwa ajili ya madaktari peke yao. Nilikuwa nayo moyoni siku zote, nikapata lugha niliyodhani itanisitiri.

Sikuondoka, kwa sababu sikujua niende wapi. Mwenye teksi akaja, akautazama mlango wake, akasema umekuwa mbaya kabisa. Kaka akamjibu kama anavyowajibu wote, na kama anavyomfundisha kila anayeingia kujifunza kazi kwake: "Mbaya haitengenezwi. Sema fasi gani imeingia." Yaani, mahali gani pamebonyea. Kisha akafumba jicho lake la kushoto, akageuza uso pembeni, akapitisha kiganja polepole juu ya bati. Anasema rangi hudanganya macho, mkono haudanganyiki. Kila mahali kiganja kilipozama, akapazungushia chaki.

Nimelisikia jibu hilo miaka yote. Leo lilinipata.

Nikakaa kwenye lile tairi, nikageuza barua upande mweupe, nikatoa kalamu. "Kaka, nisamehe. Nimekosa. Nambie we mwenyewe fasi gani imeingia."

Aliendelea na chaki yake mpaka mwenye teksi akaondoka. Wifi akamkabidhi kitambaa, kaka akafuta mikono kidole kwa kidole. Akafumba jicho linalofumba, akapitisha kiganja usoni mwake, vilevile kama kwenye mlango.

"Andika. Hapa chini ya jicho ngozi inavuta chini, kope haifike. Hapa kwa mudomo inavuta juu, chai inamwagika. Shingo inageuka kulia tu. Hapa kwa shavu iko nguvu kama mastiki." Mastiki ni ile dawa wanayozibia mabonde ya bodi, ikikauka huwa kama jiwe. "Na hapa, hata ukiguse, sisikie kitu."

Nikaandika kwa Kiingereza cha mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Kuvuta, kufunga, kugeuka, ngumu. Nusu ukurasa. Hakuna hata kidato kimoja cha ngazi yangu kilichopata nafasi.

"Umeandika nguvu?" akauliza.

"Nimeandika."

"Unajua namna gani? Haujagusa. Leta mukono."

Nikafumba macho kama yeye. Miaka miwili nilidhani ngozi ile itakuwa ya baridi. Ilikuwa na joto, na chini yake taya lilikuwa linatetemeka. Kwanza nilidhani ni mkono wangu.

Niliinakili kwenye karatasi safi, naye ametia saini. Hajasema amenisamehe, na sikumuuliza. Barua mpya iko hapa mbele yangu, na kesho kabla ya saa nne nitakuwa nimeifikisha mwenyewe, hata ikinyesha.

Kinachonikosesha kula ni Jumatatu ijayo. Somo halikwisha, tulibakiza zoezi la kueleza uso. Nitashika chaki nikiwa na wanafunzi thelathini mbele yangu wanaosubiri kucheka tena.

Kwamba uso ule wa ubaoni ulikuwa wake, nitaanza kukiri kwa nani, kwao au kwa kaka?