Kwa Kaka Luhende, Aliyeuona Mstari Uliofichwa

Mpendwa kaka Luhende,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa nyumbani kwangu Soweto, hapa Mbeya. Mayu, mama yetu, amelala chumba cha pili. Madaktari wametuambia tumrudishe nyumbani, na wewe ni mtu mzima, unajua maana ya mgonjwa kurudishwa nyumbani. Kwa hiyo sitazunguka. Njoo. Yote nitakayoyasema baada ya hapa nayasema ili ukubali kuja.

Unakumbuka likizo ile uliyotoka chuo kikuu na suruali ya bugaluu, baba akacheka mpaka akakohoa? Ulinikalisha nje ya zizi letu kule Usangu, ukaokota kijiti, ukachora vitone kwenye vumbi. Kila kitone kilikuwa boma la mtu. "Haya mdogo wangu," ukasema, "popote ng'ombe wa boma hili walipowahi kulala boma lile, vuta mstari." Nikavuta. Halafu ukanigeuza nitazame upande mwingine, ukafuta mstari mmoja kwa kidole, ukaniambia nikisie ulikuwa wapi. Nilikosea, nikakosea, mwisho nikaanza kupatia, kwa sababu niligundua kwamba maboma mawili yenye marafiki walewale mara nyingi na yenyewe yanajuana.

Ukaniambia Dar es Salaam kuna mashine kubwa kama chumba, inakula kadi zenye matundu, na kwamba ng'ambo kuna watu wanataka kuifundisha mashine ya namna hiyo mchezo huuhuu. Nikakuuliza chuma kinafundishwaje. Ukasema kinaonyeshwa mambo mengi yaliyokwisha kujulikana, mpaka kizoee kukisia yasiyojulikana. Nikakujibu kwamba basi hata mimi ni mashine, maana nimezoea. Ulicheka sana siku hiyo. Kaka, nina njaa ya kicheko kile.

Kisha homa ya mapafu ikaingia kwenye ng'ombe. Wewe na mimi tumezaliwa na wafugaji, tunajua mfugaji wa kwetu haweki ng'ombe wake wote zizi moja. Anawagawa kwa marafiki, wachache huku, wachache kule, na hamwambii mtu wako wapi, hata mke wake. Hata huku Usangu, tulikohamia kutoka kaskazini, wazee walikuja na desturi hiyo kama walivyokuja na fimbo zao. Ndiyo maana bwana mifugo alihangaika. Alikuwa akiuliza ng'ombe wa nani wamekwenda wapi, na kila mzee akimjibu kwamba hana ng'ombe kabisa, huku ng'ombe wakilia nyuma yake zizini.

Wewe walikuamini. Wewe ulikuwa mtoto wao. Walikuja mmoja mmoja wakakunong'oneza. Nawe, kwa nia njema na kwa haraka ya kuokoa mifugo, ukachukua mkaa ukayachora yote kwenye ukuta wa nje wa nyumba yetu, mchana kweupe, wanaume wote wamesimama. Kitabu kilikusahaulisha ulikotoka. Wazee walitazama siri zao zimeanikwa kama nguo na hawakukuzuia, kwa sababu michoro ilikuwa inafanya kazi. Ulionyesha ugonjwa ulianzia wapi, ukapita wapi, na kesho utafika kwa nani. Bwana mifugo alikuwa anakufuata kama mwanafunzi.

Kilibaki kitone kimoja. Yule mama mjane, Msangu mwenyeji wa pale, aliyekaa peke yake mbali na kila mtu. Ng'ombe wake walikuwa wanaumwa, na hakuna mstari hata mmoja uliofika kwake.

"Ugonjwa hauruki," ulisema. "Hapa kuna mstari haujachorwa."

Ukatazama. Ukauliza anasaga wapi, anasali wapi, anatembelewa na nani, na waliotajwa walikuwa walewale wanaojuana na nyumba yetu. Nami nilikuwa nimesimama pale na jibu ninalo, kwa sababu uliponifundisha ulinifundisha vizuri. Ukachora mstari wa vipande vipande kutoka kwake hadi kwetu.

Baba akasema, "Mimi sina ng'ombe kule. Futa."

"Baba, sikusema ni wa kwako. Nasema kuna ng'ombe wa nyumba hii kule."

Hapo ndipo wanaume wote walipogeuka wakamtazama mayu. Alikuwa anapepeta mpunga. Ungo ulisimama mikononi mwake, kaka, na wewe uso wako ukabadilika, kwa sababu ulielewa kabla ya baba kuelewa. Ni yule mtamba ambaye mayu alipewa na mjomba, na ambaye mayu alituambia kwamba amefia njiani tulipokuwa tunahama. Hakufa. Mayu alimficha kwa yule mjane, na siku baba alipokwenda mnadani, mayu alilipeleka dume letu huko ili limpande. Dume ndilo lililobeba homa.

"Unaficha ng'ombe?" baba alisema. "Ndani ya nyumba yangu, mwanamke, unaficha ng'ombe?"

Alimfukuza palepale, na ungo wake. Ulisimama kati yao ukiwa na mkaa mkononi, unasema samahani mayu, samahani mayu, na yeye akakupita bila kukutazama. Kulipokucha na wewe hukuwepo.

Sasa nikwambie usiyoyajua, kwa kuwa uliondoka kabla hayajatokea. Mayu alikwenda kwa yule mjane. Wazee walikaa na baba wakamsema, tena wakali kweli, maana wale ulioanika siri zao ndio haohao ambao mchoro wako uliwaokolea mazizi. Baba akaenda mwenyewe kumrudisha. Waliishi wote miaka mizuri. Baba ametangulia, Mungu amrehemu, na kabla ya kuondoka alikuulizia. Hakuna nyumba uliyoivunja. Umekuwa ukikimbia kitu ambacho hakipo.

Na mayu hakukupita kwa hasira. Nimemuuliza. Amesema, "Ningemtazama ningelia, na wangejua ng'ombe alikuwa wa nani." Alikuwa wako, kaka. Alimweka kwa ajili ya mahari yako, kwa sababu aliona baba anavyonung'unika kwamba aliyesoma atajitolea mahari mwenyewe. Mtamba alipona ile homa. Amezaa, na wanawe wamezaa. Sitataja walipo, kwa kuwa barua hii itasomwa na wengi na mimi bado ni mtoto wa mfugaji.

Nimekutafuta kwa njia yako. Ukuta wa jiko langu umejaa mkaa, mume wangu ameacha kuuliza. Kila mtu aliyesema amekuona nimempa kitone: mnunuzi wa mpunga wa Ubaruku, dereva wa lori, mwalimu mmoja aliyehamishiwa Iringa. Hawajuani hata kidogo. Lakini wote hunywa chai kwenye hoteli ya mzee mmoja mtaa wa Mlandege, Iringa. Nikasema hapo ndipo mstari wangu ulipo. Nikapanda basi, nimemwacha mgonjwa na jirani.

Mzee yule ni mtu wa pwani, mstaarabu, alinikaribisha kwa heshima, nikamweleza ulivyo. "Mwalimu wa hesabu? Alikuwa akikaa pale pembeni, mwanangu. Chai ikimwagika anachovya kidole, anachora vitone mezani. Nikamwambia, mwalimu, unanichafulia meza." Nililia mbele yake bila aibu. Akaniambia ulikuja Mbeya kwa basi mara nyingi, ukarudi bila kushuka, na kwamba siku moja mteja alitaja kwamba anatoka Soweto, mtaa wangu huu, wewe ukalipa, ukatoka, hukurudi tena.

Ndipo nilipokata tamaa, kaka. Nilielewa kwamba namtafuta mtu anayejua ninavyotafuta. Kila mstari unaofika kwako unauona kabla yangu, unaufuta. Aliyenifundisha kukisia ndiye anayejificha, nami nitakisia nini zaidi? Mimi niliishia darasa la saba na mchezo wa vumbini.

Kwa hiyo nimeacha kukisia. Barua hii nimeinakili mpaka vidole vimekufa ganzi. Nimempa mwenye mashine ya mpunga Ubaruku, nimewapa madereva, nimempa yule mzee wa Mlandege aibandike karibu na ile meza. Wewe unayeisoma na si Luhende, tafadhali isome kwa sauti. Mtu mrefu, mpole, anayechora vitone akiwaza, ndiye kaka yangu.

Luhende, mayu ameanza kutujua kwa shida. Jana alifumbua macho akanishika mkono akaniita kwa jina lako. Nilitaka kumwambia ni mimi Nyamizi. Nilimtazama alivyofurahi, nikashindwa.

Nikaitika.

"Umekula, ng'wana wane, mwanangu?" akaniuliza.

"Nimekula, mayu."

"Umeoa?"

Hilo sijui, kaka. Bado anasubiri jibu, ameniuliza tena leo asubuhi. Njoo umjibu mwenyewe.

Nakuaga nikiwa nimeacha mlango bila komeo,
Mdogo wako,
Nyamizi