Chukua Zile Ndogo

Katandala, Sumbawanga
Julai 1996

Kaka Adolfu,

Shikamoo. Upepo wa huku unakata masikio, ila ulezi tumeshaupura wote na Baba anakula vizuri. Chumba chako cha kusikilizia muziki kimekamilika. Fundi amebandika zulia mpaka ukutani, majirani wanatucheka.

Jozi zote mbili za spika ulizotuma tuzijaribu zimefika salama. Zile za kifahari za Ulaya ni ndefu kama kabati, wanaume wanne waliyumba kuzibeba.

Tuliweka kanda ya marehemu mama akiimba na wenzake kwenye kupura, ile uliyorekodi asubuhi ya safari yako ya Dar. Kwenye zile ndogo alikuwa mama yule yule wa redio yetu ya kaseti. Kwenye zile za Ulaya alikuwa mle chumbani, kaka. Baba alivua kofia. Wimbo ulipoisha tukasikia kitu ambacho redio yetu haikuwahi kukitoa: mama anakohoa, anakohoa tena, halafu anamnong'oneza shangazi Lydia jambo kuhusu safari yako. Baba akainuka, akazima.

Alichosema mama sitakiandika. Miaka yote umetuuliza kama siku ile alikuwa ameshaanza kuumwa, nasi tumekujibu hapana, kwa moyo mweupe.

Hizi za Ulaya zirudishe dukani. Zile ndogo, kaka, bado zinakujibu hapana.

Mdogo wako,
Zita