Kopo la Vidonge Vyeusi na Barafu ya Sangara

Nyangeta, mwana wa dada yangu,

Nimefunga mlango ndiyo nikakaa kuandika. Hapa Nyasho wakijua naandikia marehemu watasema mjomba naye kichwa kimeondoka. Waseme. Nina habari ya kopo lako, na hakuna mwingine wa kuipokea.

Tulipokuzika, kopo la vidonge vyako vyeusi lilibaki chini ya kitanda chako Butiama. Rehema, yule mwenzako wa chuo, alinipigia simu analia. Akasema vidonge vile ndiyo kazi yako yote. Akivipata atamalizia kupima, na kazi itatoka kwa jina lako. Akivikosa, basi tena, itakuwa kama hukusoma. Unanijua. Nikamwambia njoo mpaka Bunda, nisubiri hapo, nikitoka kwenye misa ya arobaini nakuletea kopo mkononi. Nilisema kama vile ukoo wa baba yako naufuga mimi.

Kumbe kopo lilishahukumiwa. Majirani walikuonaga likizo ile, umejifunga kitambaa puani, unasaga unga mweusi kwenye kile kinu chako kidogo cheupe tangu asubuhi mpaka jioni. Ulipoanza kuvimba miguu, maneno yakaanza kwamba ni ule unga. Hospitali walituambia figo. Lakini baba yako mkubwa, misa ilipoisha, akasimama mbele ya watu ameshika kopo, akasema linakwenda chooni, na ni leo.

Nikasimama na mimi. Sasa mjomba kwenye ukoo wa watu ana sauti gani? Nikaeleza kwamba kitu hicho kinaitwa manganaiti, na Nyasho nzima ni mimi peke yangu ninayeweza kulitamka jina hilo. Kwamba ulichanganya unga ule mweusi na unga mwingine, ukachoma tanuruni mpaka ukawa vidonge hivi, unatafuta namna sumaku inavyobadilisha umeme unaopita ndani yake. Akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu, taratibu kabisa:

"Shemeji, si wewe uliyesema Bunda kwamba jiwe la huyu mtoto lilivuta lori kwenye tope? Kama linavuta lori, figo la mtoto litalishinda?"

Hakuna aliyecheka, Nyangeta. Watu walewale ambao nikikohoa tu wanacheka. Mama yako alikuwa ameinama, anachora chini kwa kidole.

"Lori niliongeza," nikasema. "Nipeni nafasi niwaonyeshe ambacho sikuongeza."

Barafu ilikuwepo, yangu mwenyewe, kwenye boksi la sangara niliowaletea kutoka Mugango. Na ile sumaku ya spika uliyoniachia natembeaga nayo mfukoni. Nikaomba kidonge kimoja, nikakichovya kwenye barafu, nikakigusisha na sumaku. Kikaanguka. Nikarudia. Kikaanguka. Mtu mmoja nyuma akasema choo si kile pale, tunangoja nini.

Ndipo nikakumbuka siku uliyonifundisha, kwenye boksi hilohilo, mikono yako inanuka samaki. Nilikuwa na pupa, ukanikemea: "Mjomba, barafu haikimbizwi. Ngoja baridi iingie mpaka ndani."

Nikakifukia chini kabisa, chini ya tumbo la sangara, nikafunika, nikakalia boksi. Mimi niliyeburuzwa na sangara kutoka Mugango hadi karibu na Ukerewe, sijawahi kuogopa namna ile. Hata hadithi ya kupitishia muda sikuipata.

Nikakitoa. Kikashika. Nikageuza sumaku juu chini, kimeng'ang'ania. Baba yako mkubwa akaninyang'anya sumaku, akaishika juani, kiganja kimekinga chini, anatazama kama mtu aliyekanyaga mkia wa nyoka. Joto likaingia. Kidonge kikaachia, kikaangukia mkononi mwake. Akakirudisha kwenye barafu yeye mwenyewe, safari hii akangoja bila kuambiwa. Kikashika tena. Kikaachia tena.

"Kikipoa kinashika, kikipata joto kinaachia," akasema. "Basi, hakuna lingine?"

"Basi, shemeji."

Mama yako ndiyo akainua uso. "Mpeni kaka yangu kopo la mwanangu."

Bunda nilimkuta Rehema ameshafunga mizigo. Akafungua vikaratasi ulivyofungia vidonge, kimoja kimoja, analia huku anacheka. Juzi kanipigia, ameanza kupima, na jina lako ndilo la kwanza juu ya karatasi. Kilichopungua ni kidonge kimoja tu, na si mimi niliyekichukua. Siku hizi nikipita Butiama na samaki, baba yako mkubwa haulizi bei ya sangara. Anaulizia barafu.

Lala salama, mama. Nakuahidi, ile ya lori nitaikana popote nitakapoikuta, hata huko Bunda ambako wanaipenda. Ya sangara wa Ukerewe niachie. Lakini ya kidonge nitaisimulia kama nilivyoiona, bila kuongeza kitu. Haihitaji.

Mjomba wako,
Nyasho