Toa uzito wa gunia

Safina, huko Kibondo umelala? Asubuhi nilikuwa nakoroga uji wa lishe shuleni, nina raha zangu. Leo ilikuwa siku ya afya.

Mizani ya kupimia watoto hatuna. Kuruthumu akajitolea kuleta ile ya baba yake ya kununulia maharage. Kajitolea mwenyewe, Safina!

Akapanda. Mwalimu akasoma, "Sabini na mbili." Mimi nikasema, "Mwalimu, toa uzito wa gunia." Kama baba yake anavyowakatia wakulima kilo.

MIMI! Ambaye nikiitwa jina naitikia kimoyomoyo. Darasa zima likacheka, hadi mwalimu. Na nilifurahi walivyocheka. Hicho ndo kinaniuma.

Kuruthumu akashuka, akaniangalia. "Hata wewe?"

Uji hakunywa. Kwenye kamba, unajua hakuna anayemfikia kwa kuruka, akakaa pembeni kaikumbatia mizani yao. Mwalimu, "Njoo uruke, mama!" Akatikisa kichwa. Mdogo wake anasema hata usiku hajala.

Hata wewe. Kaniambia hata wewe, Safina.

Nimemwandikia, "Nisamehe. Kesho nitakushikia kamba mpaka uchoke wewe." Kasoma tangu saa mbili. Hajajibu.