Samaki Wasiotuliwa na Nzi

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi, Kibaha. Tarehe 16/06/2025, asubuhi.
Jina: Latifu Mwinyimadi. Umri: miaka 33. Kabila: Mzaramo. Dini: Mwislamu. Elimu: darasa la nne. Kazi: chochote kinachouzika (kasema mwenyewe). Makazi: Maili Moja, Kibaha.

Ninaeleza kama ifuatavyo:

Hapana, afande, samaki walikuwa hawanuki. Wangekuwa wananuka ningewauza kwa bei ya kunuka. Walikuwa na harufu ya sabuni kwa mbali, na sabuni siyo kosa. Hata wewe unanukia sabuni. Hilo usiandike.

Mimi nauza kilichopo. Nimeuza viatu vya yeboyebo, nimeuza miwani ya kusomea, nimeuza sumu ya panya miaka miwili na hakufa hata panya mmoja. Samaki nimeuza siku moja tu.

Mnamo tarehe 14/06/2025, siku ya Jumamosi, asubuhi, nikiwa kijiweni Maili Moja, alinipigia simu Tito, dereva wa bodaboda, mshikaji wangu. Alisema yuko baharini upande wa Mkuranga na samaki wanatoka wenyewe. Nikamwambia, "Tito, umeanza kuvuta saa hizi?" Akasema, "Njoo na deli, acha maneno." Nikaenda na deli langu la barafu.

Nikakuta kweli. Maji ya pale ufukweni yalikuwa rangi ya uji, yana povu kama la kufulia. Kuna bomba nene linatokea kwenye ukuta wa kiwanda, limefukiwa mchangani, mdomo tu ndio unaonekana, unatema. Changu na tasi walikuwa wanaelea ubavuubavu. Wengine bado wazima, wanafungua mdomo na kufunga, kufungua na kufunga, kama mtu anayeongea na simu iliyoisha chaji. Pweza mmoja alitoka majini kwa mikono yake mwenyewe, akapanda mchanga mpaka kwenye kiatu changu. Alikuwa mwekundu, akawa mweupe, akawa mwekundu tena, mwisho akabaki mweupe. Tito akampiga teke, akasema, "Huyu anaomba lifti." Tulicheka. Kulikuwa na kasa pia, mkubwa kama sinia la pilau ya harusi, anajikokota kuja nchi kavu na povu puani. Tito alimgeuza chali tumwangalie. Tukamwacha hivyohivyo, anapiga makasia hewani.

Mama Zawadi, anayekaanga samaki pale, alikuwa anachimba shimo kwa jembe, anawazika. Akaniambia, "Mwanangu, hawa hawajavuliwa, hawa wamefukuzwa. Tazama, hata nzi hatui."

Nikamwambia, "Mama, unawazika, umewasomea na dua?"

Aliendelea kuchimba.

Nikatazama. Kweli, samaki rundo, jua kali, nzi hata wa dawa hayupo. Sasa mimi akili yangu ni ya biashara, afande. Palepale nikapata tangazo.

Mchana tukafika Kibuta na pikipiki ya Tito. Nikaanza kunadi: "Samaki wa kisasa! Samaki wasafi! Nzi wenyewe wanawaheshimu!" Watu wakasogea. Mwanamvua, muuza vitumbua, akainama kwenye deli, akasema kwa sauti, "Jamani, kitoweo nzi amekikataa, wewe nani ukile? Hao wamepigwa dawa ya maiti!" Wakatawanyika wote. Mzee mmoja akaniuliza kama sanda nayo nauza. Nilimjibu neno ambalo hapa kituoni haliandikiki.

Ndipo tukaenda Kurui kwa wafugaji. Kwenye zizi la ng'ombe nzi ni kama mawifi, wapo tu na hawaagi. Nikajua huko tangazo langu litapokelewa. Jioni jioni tukaingia kwa Nyanda, Msukuma. Mwenyewe alikuwa malishoni. Alikuwepo mke wake, Kabula, mjamzito, tumbo limeshashuka. Aliposikia samaki alikuja nusu anakimbia. Alisema tangu ahame kwao ziwani hajala samaki akashiba, na mimba hii haitaki kingine.

Alimshika changu, akambonyeza, akaniuliza, "Kaka, mbona hawa wamekufa midomo wazi?"

Nikamwambia, "Walikuwa wanacheka, shemeji. Samaki wa baharini wana furaha."

Alicheka mpaka akashika kiuno. Akachukua wote waliokuwa kwenye deli. Nikamwongezea kichwa cha bure, maana alisema kwao kichwa ndicho kinachoanza kuliwa.

Jana, tarehe 15, Tito alinipigia kwamba yule mama kaletwa hospitali hapa Kibaha, hali mbaya. Aliposema hivyo akazima simu, hajaiwasha mpaka leo. Nilikwenda. Nyanda alinikamata shati. Hakunipiga, na angenipiga ingekuwa afadhali. Aliniambia, "Kijana, mbwa alikula miiba tu. Amekufa."

Nilimwona Kabula kupitia dirishani. Mate yanamtoka, anatetemeka, mdomo anafungua na kufunga, kufungua na kufunga. Sikucheka. Hilo liandike, afande. Sikucheka.

Daktari akatoka akauliza nani ana samaki aliyebaki, apimwe ijulikane ni sumu gani, ndipo wajue dawa ya mama na ya kilichomo tumboni. Nyanda akasema waliobaki amewachoma moto. Mimi nikanyamaza. Askari wenu wakanikuta hapohapo nimenyamaza.

Niliyonayo ndiyo hayo.

MAELEZO YA OFISA: Nimeandika yote neno kwa neno, pamoja na aliyosema nisiandike. Nilipompa kalamu atie sahihi, aliirudisha mezani akaongeza haya. Koplo Anselmi.

Afande, mmoja yupo. Tasi, hajakatwa wala kupikwa. Nilimtoa kwenye deli kabla hatujaingia Kurui, awe wa kwangu. Yuko kwenye friji la mtu. Usiniulize kwa nini sikumla. Sikuwa na njaa.

Pale juu umeandika "shahidi". Darasa la nne langu linatosha kulisoma neno hilo. Na lile jingine, "mtuhumiwa", nalisoma hata likiwa kichwa chini upande wako wa meza. Sasa shahidi mkubwa wa kesi hii siyo mimi. Shahidi mkubwa kaganda, mdomo wazi.

Tufanye hivi. Wewe unanihakikishia neno la pale juu halibadiliki, kwenye karatasi hii na zote zitakazokuja. Mimi natia sahihi, nakupeleka kwenye friji sasa hivi, halafu nakupeleka na kwenye bomba, nakuonyesha kwa kidole. Daktari anapata samaki, wewe unapata kiwanda, mimi napata kwenda nyumbani. Mkono wangu huu hapa. Kata neno mapema, kaka, maana yule mama hana pumzi ya kusubiri tupatane.

Na hili usiandike.