Goti la Pili

Baba watoto,

Nimeenda kazini, sikutaka kukuamsha. Barafu iko kwenye chupa ya chai, usije ukaimimina kikombeni. Ifunge kwa taulo, uiweke gotini dakika ishirini tu. Mguu ubaki juu ya mito. ~~Chakula kipo jikoni.~~ Chakula nimekuwekea hapa mezani, maana nakujua, utaruka kwa mguu mmoja hadi jikoni.

Umemsikia daktari: mifupa ya goti imekaliana tu, kinachoishikilia ni kano, na wewe la upande wa ndani umelivuta. Alipouliza umeumiaje, ikabidi niseme mimi. Kwamba ulimwambia dada yako kwenye simu nakoroma kama mashine ya kusaga, nikasikia, ukaja kunipigia magoti kwenye sakafu niliyotoka kuipiga deki. Ukainuka kwa pupa, wayo ukabaki palepale, mwili ukageuka. Daktari alicheka mpaka akavua miwani.

Usirudie tena. Ulipopiga goti la kwanza nilikuwa nimeshakusamehe. La pili lilikuwa mbwembwe zako tu, na ndilo lililoumia.

Mimi mashine,
Mama watoto