Vidole Vilivyoliwa na Saruji

Mama Fabiola,

Salamu kutoka Kibenga. Mvua imeanza, na dawa ya kikohozi uliyonitumia imefika.

Shule ninayoipiga lipu inafundisha watoto wa matajiri kuchunguza uhalifu. Sheria ya darasa wameibandika ukutani: usimshuku mtu bila ushahidi. Jana simu ya mwalimu ilipotea. Akaniita mimi peke yangu, akanipaka wino vidoleni, akavikandamiza kwenye karatasi. Karatasi haikuonyesha mistari ya vidole, maana saruji imeila yote.

"Munaona?" akawaambia wanafunzi. "Huyu ni mwizi muzoefu, amefuta alama zake!"

Wote wakaandika hivyo. Shule gani hii, ya kutengeneza wajinga wenye kalamu?

Nimefukuzwa. Nitafika Uvira Jumamosi. Wewe mikono hii unaitambua hata gizani.

Baba Fabiola